Maji ya Meza ya Dirishani

Maabara, chumba cha matayarisho
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mumbua, mwaitu,

Umeenda Zombe kusukwa nywele na najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu msusi wako huongea kuliko anavyosuka. Mama yako yuko kanisani na wenzake wanapanga maombi ya kukuaga. Mimi nimechukua funguo nikaja huku shuleni, ingawa ni likizo, nikajifungia katika hiki chumba kidogo nyuma ya maabara ulichokuwa ukilala ndani yake ulipokuwa mdogo, juu ya magunia, nikikungoja umalize usingizi twende nyumbani. Nikiandika nyumbani mtu atachungulia. Huku hakuna wa kunichungulia, na sauti pekee ni ya ule mfereji wetu ambao bado unatona.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kuchagua marafiki na ya kutokosa ibada, mama yako ameshayamaliza, na yale aliyosahau atayapigia simu kabla hujafika Machakos. Sitaongeza kitu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu kabla hujazaliwa, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla basi halijaondoka kesho, hata kama baada ya kulisoma utaniona mdogo.

Kwanza nikushukuru, maana wewe ndiye uliyenisukuma. Ile siku barua ya chuo ilipokuja, ulikaa mezani ukatusomea masomo yote kwenye simu, mwaka kwa mwaka. Ulipofika pale pa kuchanganua kemikali kwa mitambo, sauti yako ilipanda. Spektrofotometa. Kromatografia. Mama yako akasema hayo ni majina ya malaika walioasi, tukacheka hata chai ikamwagika. Kisha ukaniambia, "Baba, unajua kitu mimi napenda na hizo mashine? Haziwezi danganya mtu." Ukaendelea kula. Mimi chapati ilinikwama kooni, nikasingizia pilipili.

Wewe unanijua kama mtu wa lebo. Kopo la sukari lina jina na tarehe. Hata chumvi ya jikoni nimeiandikia, na mama yako huniuliza kama naogopa tutaipikia ugali. Kikombe nakisuuza mara tatu kabla ya kumimina maji, na wewe na kaka zako mmekuwa mkiniigiza tangu mjue kusimama. Mlidhani ni kazi ya maabara imeniingia kichwani. Ni kweli, lakini kazi ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ndiyo hii.

Mwaka uliozaliwa nilikuwa nimeajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa muda, na kila mwisho wa muhula nilikuwa nikingoja kuambiwa kama nitarudi. Mama yako alikuwa na mimba yako, kubwa, ya kuhesabiwa wiki. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umefika na mvua ilikuwa imechelewa kabisa. Maji ya kisima cha shule unayajua: sabuni haitoi povu, sufuria inafanya ukoko mweupe, na chai inataka sukari mara mbili. Kwa hivyo katika maabara tunayachemsha mpaka yawe mvuke, kisha tunaupoza mvuke uwe maji tena, na chumvi yote inabaki nyuma. Watu wa hapa huyaita maji ya betri, kwa sababu ndiyo wanayotia kwenye betri za magari na za sola.

Jumapili moja kabla ya mtihani wa kemia, mchungaji wetu wa wakati ule alinijia baada ya ibada. Betri za kanisa zilikuwa zimekauka, na wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa injili. Aliniita "daktari wetu wa maji" mbele ya wazee wa kanisa. Mwaitu, nilivimba. Katika ushirika mzima mimi peke yangu ndiye ningeweza kufanya spika ziongee! Nikampa mtungi mzima wa lita ishirini, nikijiambia nitatengeneza mengine Jumatatu. Jumatatu gesi ya kuchemshia ikaisha. Gesi ilikuwa itoke Kitui, na Kitui wakasema kesho, na kesho ilipofika wakasema kesho. Mchungaji hana kosa hata kidogo. Alijua tu kwamba fundi wa maabara amemwambia chukua.

Siku ya mtihani watahiniwa waliingia kwa makundi mawili, maana walikuwa wengi kuliko meza. Kundi la kwanza lilimaliza salama. Nilipokuwa napanga meza kwa kundi la pili niliona kwamba maji ya betri yaliyobaki yatatosha meza zote isipokuwa moja, ile ya dirishani, ya watu wanne. Nilikuwa na dakika kama kumi. Ningeweza kumwambia mwalimu wa kemia, angekasirika, tungechelewesha kundi, tungetafuta maji hata kwa fundi wa magari sokoni. Badala yake nilichukua chupa mbili za plastiki, zile za kubana, nikazijaza maji ya kisima kwenye huu mfereji ninaoutazama sasa hivi. Nilijiambia maji ni maji. Mimi, ambaye kila mwaka nilikuwa nawafundisha kidato cha kwanza kwamba maji yetu si maji tu.

Swali moja liliwataka wayeyushe unga fulani mweupe, kisha wadondoshe matone ya bariamu. Unga ule haukuwa na salfeti, kwa hivyo hakuna kitu kilichopaswa kutokea. Maji yangebaki maangavu, ungeandika hivyo, ukapata alama yako na kusonga mbele. Lakini maji ya kisima chetu yamejaa salfeti, na salfeti ikikutana na bariamu inageuka mashapo meupe papo hapo, ungedhani mtu ametia maziwa.

Katika meza ile ya dirishani kulikuwa na msichana mmoja mwembamba kutoka Kilungu, aliyeletwa na mjomba wake kusoma kwetu. Alikuwa anataka famasi. Alikuwa ameitaka waziwazi tangu kidato cha pili, na katika darasa lile hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ataipata. Alikuwa mtu wa kuuliza. Alipoona weupe ule aliinua mkono nikaenda, kwa sababu mwalimu alikuwa upande wa pili.

"Mwalimu, hii maji iko sawa?" akanong'ona.

Nilimtazama, nikaitazama chupa.

"Iko sawa. Endelea tu."

Basi. Maneno manne. Nimeyasema tena na tena peke yangu barabarani nikienda nyumbani, kwa miaka kumi na minane, na sijawahi kupata namna ya kuyasema yakasikika vizuri. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi vidole vyangu vyote ni vizima.

Aliosha neli yake ya kioo, akarudia. Nyeupe. Akaosha tena kwa maji yaleyale, akarudia mara ya tatu, nyeupe. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sinki naona kila kitu. Wenzake watatu walikuwa wamechungulia meza ya mbele na kuandika kilichoandikwa huko. Yeye aliandika alichokiona. Lakini kule kurudia kulikuwa kumemla muda, na kengele ilipolia hakuwa amemaliza kazi ya bureti, ambayo ndiyo iliyokuwa na alama nyingi.

Nje, wakinawa mikono, walianza kulinganisha majibu kama kawaida ya wanafunzi. Yeye akasema ameona mashapo meupe. Wote wakasema hakuna kitu. Kijana mmoja akamwuliza kama alikunywa chai ya maziwa ikamrudia machoni, wakaangua kicheko, na kutoka siku ile mpaka walipofunga shule jina lake likawa Maziwa. Mimi nilikuwa hapa ndani nikisuuza vyombo. Mwalimu wa kemia akaja na ile fomu ya mtihani, ambayo ina nafasi ya kuandika kama kumetokea hitilafu.

"Kuna shida yoyote tuandike?" akaniuliza.

"Hakuna," nikasema.

Wiki tatu baadaye mvua ikaja usiku na mchana, na wewe ukaja nayo. Wewe ni binti yangu wa kwanza, kwa hivyo jina la mama yangu, Mumbua, la aliyezaliwa wakati wa mvua, lilikuwa linakungoja tangu mwanzo, na mvua ikalithibitisha. Ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu, mpaka leo. Nilikinga maji ya paa kwenye ndoo ili mama yako apate ya kukuogeshea, yakatoa povu mpaka kwenye viwiko. Maji yasiyo na chumvi hata chembe. Nilikaa pale na ndoo nikifikiri, kama mngekuja wiki tatu mapema, wewe na mvua yako! Nilikuwa na furaha kuliko siku zote za maisha yangu, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na mtoto wa mtu mwingine.

Januari nikapewa kazi ya kudumu. Ni kazi hiyo iliyokulisha, ikakusomesha, na mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi. Sitakudanganya kwamba nashukuru bila kuumwa. Matokeo yalipotoka yule msichana alikuja kuchukua karatasi yake, akanipitia hapa maabara kuniaga. Alikuwa amekosa famasi kwa kidogo sana. "Mwalimu, kemia ilinikataa," akasema. Nikamwambia pole.

Jina lake ni Mwende. Ndiyo, mwanangu. Ni huyohuyo, Shangazi Mwende wa Makindu.

Najua hapo umeiweka barua chini. Ichukue tena, tafadhali.

Siku ile tulipokupeleka kidato cha kwanza, unakumbuka niliwaacha kwenye stendi ya Makindu nikaenda kutafuta dawa ya kunguni, kwa sababu tulikuwa tumesikia vitanda vya shule yako vina wenyewe. Niliingia duka la kwanza la agroveti, la dawa za mifugo, nililoliona. Mama aliyekuwa nyuma ya kaunta aliinua kichwa, akapiga makofi.

"Kwani ni wewe? Mwalimu wa lab! Wi museo, u mzima? Kuja, ingia huku ndani, usisimame kama mgeni."

Alikuwa amesoma kozi fupi ya mifugo, akafanya kazi kwa mtu, kisha akafungua duka lake. Hakuwa na kinyongo na mtu yeyote duniani. Aliposikia nina binti anayeanza shule hapo karibu, alitoka mwenyewe mpaka stendi kukuona. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Jumapili za kutembelewa ambazo mimi sikuweza kufika, alifika yeye, na maembe ya kwao Kilungu kwenye kiondo. Hesabu za moli katika kemia, ambazo zilikuwa zimekushinda muhula mzima, alikufundisha kwa pampu ya kupulizia ng'ombe dawa ya kupe: dawa kiasi hiki, maji kiasi hiki, ukizidisha unaua ng'ombe, ukipunguza unafuga kupe. Ulinipigia simu ukipiga kelele, "Baba, nimeshika!" Alama ya kemia iliyokupa chuo ni kazi ya mkono wake. Mimi niliyemfungia mlango, yeye alimfungulia mtoto wangu mlango uleule.

Na wewe uliwahi kuniuliza kitu. Ulikuwa umekaa naye dukani likizo moja, ukaniuliza kwa nini Shangazi Mwende hupima dawa mara tatu, kisha bado anamwita mtu mwingine aangalie. Hata wewe alikuwa akikuita. "Hebu niangalilie hapa, macho yangu hunidanganya." Ukasema umempeleka kwa ukaguzi wa macho na daktari amesema ni mazima. Mimi nikakujibu kwamba wenye maduka ya dawa ni waangalifu. Petro alimkana Bwana wake mara tatu kwa usiku mmoja. Mimi nilichukua miaka mingi, na sijui nilikana mara ngapi.

Miaka miwili iliyopita shule ilitaka kujua kama kisima chetu kinaweza kusafishwa, nikatumwa Nairobi kwenye maabara moja na chupa za maji. Nashukuru sana kwa safari ile. Aliyepokea chupa zangu alikuwa binti wa rika la Mwende, koti jeupe, kucha fupi, mtu wa maneno machache. Mashine yake haikuwa kubwa kuliko jokofu dogo. Nilidhani atatia maji yetu moja kwa moja tuone. Akachukua chupa nyingine kabisa.

"Hayo si yetu," nikamwambia.

"Najua, mzee. Hii ni blank. Maji safi tu, haina kitu."

"Sasa ya nini kupima kitu hakina kitu?"

"Nikianza na yenu, sitajua gani imetoka kwa maji yenu na gani imetoka kwa chupa yangu, ama kwa mashine, ama hata kwa mikono yangu."

"Kwani mikono yako ina nini?"

Akacheka. "Kila mtu ana kitu, mzee."

Nilitafuta kiti. Kwenye skrini mstari wa yale maji safi ulikwenda tambarare mpaka mwisho. Kisha akatia ya kwetu. Mstari ukaenda kidogo, ukapanda kilele kirefu, akasema kloridi. Ukashuka, ukatembea, ukapanda tena, akasema salfeti. Alichapisha karatasi akanipa nakala. Ile ya shule niliipeleka shule. Nyingine niliikunja nikaiweka katika Biblia yangu, katikati ya Zaburi, na mama yako akadhani ni vipimo vya moyo wangu, akafunga siku mbili kuniombea. Sikumwambia ukweli mpaka wiki iliyopita. Nilikuwa naogopa kwamba Mwende akijua ataacha kukusaidia, na wewe ulikuwa kidato cha tatu. Nilijiambia nangoja umalize kwanza. Ulimaliza, na bado niliendelea kungoja.

Ndiyo maana neno lako kuhusu mashine lilinikwama kooni. Ulisema kweli, mwaitu, lakini si yote. Mashine haidanganyi. Ila haiwezi kujua nani alijaza chupa. Itayapima maji ya mtu mwongo kwa uaminifu uleule, ikakutolea karatasi safi yenye mistari mizuri, na wote watakaoisoma wataiamini. Siku ile hapa kwetu vyombo vyote vilisema kweli. Bariamu ilisema kweli, maji yalisema kweli, na Mwende akaandika kweli. Mwongo alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa amevaa koti jeupe.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilimwambia mama yako yote. Alichambua maharagwe yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nenda. Na usirudi hapa na zawadi ya kuku ukadhani umesamehewa." Jumamosi ukaniuliza naenda wapi na viatu vya kanisani, nikakwambia Makindu, dawa ya kuku. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa mwisho katika jambo hili.

Nilimkuta Mwende anahudumia watu. Nilingoja mpaka tukabaki wawili. Nikatoa ile karatasi ya Nairobi, nikaiweka juu ya kaunta, nikamwambia kila kitu kwa mpangilio: mtungi wa kanisa, gesi, chupa mbili, mfereji, maneno manne, fomu. Sikutia chumvi na sikutoa. Yeye hakunitazama. Alikuwa anaitazama karatasi.

"Salfeti ni gani?" akauliza.

Nikamwonyesha kilele cha pili. Akakifuata kwa kidole, akapanda nacho, akashuka nacho.

"Kwa hivyo ilikuwa."

"Ilikuwa."

"Nyeupe."

"Nyeupe, Mwende. Mara zote tatu. Mimi pia niliona."

Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu. Alipoufunua alikuwa na machozi, lakini pia alikuwa na hasira, na nilishukuru kuiona hasira ile kwa sababu ilikuwa haki yake ya siku nyingi.

"Miaka hii yote, Mwalimu. Mimi nilijua macho yangu ni mbaya. Nikipima mtu dawa ya ng'ombe natetemeka. Bwana yangu ananiuliza kama nimefunga mlango, naamka kuangalia mara tatu. Famasi nilishasahau. Lakini hii?"

"Niliogopa kazi yangu."

"Na mimi?"

Nilimwambia niko tayari kwenda naye popote, niseme mbele ya yeyote, niandike nitie sahihi. Akajipangusa uso na kitambaa cha duka.

"Tuende wapi? Hizo karatasi zilichomwa zamani, na mimi niko na vifaranga wa kuchanja saa nane." Kisha akavuta stuli. "Nimekasirika. Nitakasirika siku mingi, usifikirie ni leo tu. Lakini chai utakunywa. Kaa."

Nilikunywa chai yake ikiwa ngumu kumeza kuliko dawa yoyote. Tukiwa pale akaingia mzee mmoja kutaka dawa ya minyoo ya mbuzi, ya kupimiwa. Mwende alichukua kipimo, akamimina, akakiinua usawa wa jicho. Nikajiandaa kuitwa niangalie. Hakuniita. Aliimimina kwenye chupa ya mzee, akafunga kifuniko. Alipima mara moja.

Nilipoinuka kuondoka, karatasi alibaki nayo. Aliibandika ukutani kati ya bango la chanjo ya kuku na lile la kupe. Akanisindikiza mpaka mlangoni.

"Mumbua anajua?"

"Bado."

"Mwambie kabla aende. Yeye ndiye anaenda kushika hizo mashine. Na umwambie wewe, si mimi."

Basi nimekuambia, na naona kupitia dirisha kivuli cha mti kimefika kwenye ngazi, kwa hivyo nywele zako zinakaribia kwisha. Sijui utaniona vipi baada ya hapa. Nimekulea ukiniita mkweli, na ulikuwa ukiwaambia wenzako kwamba baba yako huandika lebo hata kwenye chumvi. Ukitaka kunikasirikia, fanya kama Shangazi yako: kasirika siku nyingi, lakini chai yangu uje uinywe ukifunga muhula. Kama utanyamaza kesho stendi, nitaelewa, na nitakubebea sanduku vivyo hivyo.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nimepewa zaidi ya nilichostahili. Nimepewa binti. Nimepewa kazi niliyoipenda, ingawa niliilinda vibaya. Nimepewa yule binti wa Nairobi na chupa yake isiyo na kitu. Na nimepewa Mwende, aliyekulea miaka minne bila kujua ananilipa mema kwa mabaya, na aliyenipa stuli baada ya kujua. Ni muvea, asanteni, kwenu nyote. Siku utakaposimama mbele ya mashine yako ya kwanza, na mtu wa meza ya mwisho akakuinulia mkono kukuuliza kama maji yako sawa, utakuwa na haraka, na pengine utakuwa na woga. Wewe ukayaangalie tena pamoja naye, kwa ajili yangu.

Kesho ukishafika na kuweka sanduku chini, sisi tupigie baadaye. Mpigie Shangazi Mwende kwanza. Usimpe pole, pole amepewa nyingi na mimi ndiye niliyeanza. Muulize tu siku ile alipodondosha bariamu aliona nini, kisha unyamaze umsikilize mpaka mwisho. Katika miaka yote hii, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Baba yako